Kabla Hujamjibu Mama Aliye Koridoni: Mwongozo wa Maamuzi ya Kimaadili kwa Mwanafunzi wa Ushauri Nasaha wa Uraibu

Kila kundi jipya la wanafunzi linapofika fildi katika vituo vya Dar es Salaam vinavyohudumia waraibu wa dawa za kulevya, maswali ni yaleyale. Mama ameniuliza kama mwanawe ameacha kweli, nimjibu nini? Kijana ameniomba nauli, nimpe? Nimekutana naye kwenye daladala akaniita jina langu mbele ya watu, je, nimwitikie? Nimejibu maswali haya mara nyingi kwa mdomo, nikiwa nimekaa benchini au nikisubiri faili, na nimeona ni vyema niyaandike kwa utaratibu ili wewe unayeanza uwe na kitu cha kushika mkononi.

Jambo moja ulijue mapema. Wanafunzi niliowaona wakikosea maadili si wale wenye roho mbaya. Wengi wao ni wenye huruma nyingi, waliolelewa kumheshimu mkubwa na kumjibu papo hapo anapouliza, na ndiyo maana kosa huwatoka kabla hawajajua kwamba palikuwa na uamuzi wa kufanya. Kwa hiyo hatua zilizomo humu zinakufundisha, zaidi ya kitu kingine chochote, kuchelewesha jibu lako kwa heshima mpaka ulifikirie.

Neno moja kuhusu maneno. Kazini tumezoea kusema "mteja", lakini hapa mjini mtu anayetumia unga huitwa "teja", na wengi husema jina hilo lilitokana na ile sauti ya simu inayotangaza kwamba mteja hapatikani. Kijana aliyeitwa teja tangu maskani hadi nyumbani kwao hasikii heshima yoyote unapomwita mteja. Mimi hutumia "mhudumiwa" katika maandishi, na ana kwa ana humwita mtu kwa jina lake. Kama kituo chako kina desturi nyingine, ifuate, ila kwanza muulize mwenyewe angependa aitweje.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari gumu, kaunta buku la kwaya mbili linatosha, ambalo litakuwa la mazoezi ya maadili tu na halitakuwa na jina la mhudumiwa hata mmoja. Pata nakala ya kanuni za maadili za chuo chako na za kituo unachofanyia mafunzo, pamoja na fomu ya ridhaa ambayo wahudumiwa husaini siku ya kwanza, na uisome fomu hiyo mpaka uweze kuieleza kwa Kiswahili cha kawaida bila kuitazama. Andika namba ya simu ya msimamizi wako na ya mtu wa pili atakayeshika nafasi yake asipopatikana. Andika pia namba ya afisa ustawi wa jamii wa manispaa yako, ya Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, na namba 116 ambayo ni ya huduma ya simu kwa mtoto.

Kwa upande wa sheria, huhitaji kuwa wakili, lakini ni aibu kufanya kazi hii bila kuzigusa sheria nne: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Soma sehemu zinazohusu siri, ridhaa na wajibu wa kutoa taarifa. Zilizobaki utazisoma ukipata haja.

Mwisho, tafuta mwenzako mmoja wa kufanya naye mazoezi. Maadili hayajifunzwi kwa kusoma peke yako chumbani, kwa sababu ukiwa peke yako kila jibu unalolitoa hukubaliana nawe.

Kisa tutakachokitumia

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya mafunzo, ingawa kila sehemu yake utakutana nayo. Kijana wa miaka 24 anahudhuria kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Tiba hii ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, na utaratibu wake wa kawaida ni kwamba mhudumiwa huja kila siku kunywa dozi yake ya maji mbele ya mtoa dawa. Kijana huyu hajagusa heroini kwa miezi minne. Katika kikao chako cha tatu naye anakuambia, akitazama sakafu, kwamba siku hizi usiku anakunywa gongo ili apate usingizi, na asubuhi akishakunywa dozi yake huwasha pikipiki na kubeba abiria. Anakuomba usimwambie mtu. Unapotoka chumbani, mama yake yupo koridoni. Ameshika pindo la khanga alipofungia fedha, anaanza kulifungua taratibu, na kabla hujamaliza kumwamkia anasema: "Daktari, mwanangu, niambie ukweli. Ameacha au ananidanganya?"

Hatua kwa hatua

1. Simama, na utoe jibu la kusubiri.

Jibu la kusubiri liandae leo, ulikariri, na ulifanyie mazoezi na mwenzako mpaka litoke bila kigugumizi. Mimi hutumia hili: "Shikamoo mama. Mimi si daktari, ni mwanafunzi wa ushauri nasaha hapa. Nimekusikia, na ninaona una wasiwasi. Mambo ya chumbani ni yake mwenyewe kuyasema, lakini nitazungumza naye na msimamizi wangu tuone namna ya kukushirikisha. Kesho ukija nitakuwa na jibu." Angalia kwamba jibu hili halina uongo, halina siri, na halimfukuzi mama. Angalia pia kwamba limesahihisha lile neno "daktari". Katika vituo vyetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na mwanafunzi anayeliacha neno hilo lipite amekwisha kujipa cheo ambacho hana, na mama yule atayachukua maneno yake kwa uzito ambao hayastahili.

Na ile fedha ya pindoni? Ikatae kwa mikono miwili na kwa upole: "Mama, asante sana, huduma hii haina malipo, hiyo ikusaidie nauli ya kurudi." Kanuni ya kituo chako itakuambia kama zawadi ndogo zinaruhusiwa. Fedha taslimu mkononi, koridoni, ukiwa mwanafunzi usiipokee kamwe.

Onyo: hatua hii haitumiki kwenye dharura. Mhudumiwa akikutwa haamki ukimwita, anapumua kwa kuvutavuta au pole mno, na mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, huo si wakati wa daftari. Ita muuguzi au daktari mara moja ili apewe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini na methadoni mwilini, na asaidiwe kupumua. Maadili utayaandika jioni.

2. Andika kilichotokea, siyo unachokidhani.

Siku hiyohiyo, fungua daftari lako na ugawe ukurasa mara mbili. Upande wa kushoto andika ulichokiona na ulichokisikia tu. Upande wa kulia andika unachokihisi na unachokikisia. "Amesema anakunywa gongo usiku" ni kushoto. "Amerudia ulevi" ni kulia. "Anaendesha pikipiki asubuhi" ni kushoto, kwa kuwa amelisema mwenyewe, lakini "ataua abiria" ni kulia. Mwanafunzi anayeanza hujaza upande wa kulia mpaka chini na kuacha kushoto mistari mitatu. Usishangae, ndivyo ilivyo kwa wote, na faida ya zoezi ni kukuonyesha ni maswali gani hujauliza. Hapa, kwa mfano, hujui anakunywa kiasi gani, analala saa ngapi, wala muda unaopita kati ya gongo ya mwisho na dozi ya asubuhi.

3. Jua swali lako ni la aina gani.

Si kila linalokusumbua ni suala la maadili. Methadoni na pombe zote hupunguza kasi ya kupumua na kuleta usingizi, na zikichanganyika hatari huongezeka. Hilo ni suala la kitabibu na mwenye kulijibu ni daktari. Kama kituo kina fomu ya kuripoti hatari, hilo ni suala la utawala. Swali la maadili ni lile linalobaki baada ya hayo mawili kuondolewa: nimeombwa kutunza siri, na kuitunza kwangu kunaweza kumdhuru yeye au mtu asiyemjua. Ukilitaja swali kwa sentensi moja namna hiyo, umefanya nusu ya kazi.

4. Pitisha swali kwenye misingi mitano.

Nadharia nitaigusa kidogo tu. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Karen Kitchener, aliweka misingi mitano kwa ajili ya washauri nasaha, na bado ndiyo inayofundishwa sehemu nyingi: uhuru wa mtu kujiamulia, kutodhuru, kutenda mema, haki, na uaminifu kwa ahadi. Usiikariri kama shairi. Iandike pembeni na mbele ya kila mmoja andika unadai nini katika kisa hiki. Uhuru unadai kijana aamue mwenyewe nani ajue. Kutodhuru kunadai asife usingizini, na abiria wake asiangushwe barabarani. Uaminifu unadai utimize ulichomwahidi siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba siku ya kwanza waliahidi kisichowezekana.

Tulia hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Mwanafunzi akitaka kuaminiwa humwambia mhudumiwa: "Chochote utakachoniambia kitabaki kati yetu sisi wawili." Sentensi hii ni tamu na si ya kweli. Wewe ni mwanafunzi. Utakijadili kikao hicho na msimamizi wako, utakiandika kwenye faili, na timu ya kituo ina haki ya kujua yanayohusu usalama wa tiba. Ukweli unaotakiwa kusemwa mwanzoni, kabla hajafungua mdomo, ni kwamba yanayozungumzwa ni siri ya kituo, kwamba unasimamiwa, na kwamba yapo mambo machache ambayo hutaweza kukaa nayo: mtu kuwa katika hatari ya kufa, mtoto kudhuriwa, au amri ya mahakama. Liseme hilo kwa maneno yake, kisha mwombe alirudie alivyolielewa. Saini pekee haitoshi, kwa kuwa mtu aliyefika akiwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, husaini chochote utakachomwekea mbele ili apate dawa.

5. Angalia kanuni na sheria, za hapa.

Anza na kanuni za kituo, kisha za chuo, kisha sheria za nchi. Sheria ya Mtoto inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa wajibu wa kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Sheria ya UKIMWI inalinda usiri wa majibu ya vipimo vya VVU, kwa hiyo hali ya mtu huyo haisemwi kwa mama wala kwa mke kwa sababu tu wewe umeiona kwenye faili.

Onyo: vitabu vingi utakavyopewa vimeandikwa Marekani. Humo utaikuta kesi ya Tarasoff, ambapo Mahakama ya Juu ya California mwaka 1976 iliamua kwamba mtaalamu wa tiba ya akili ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu anayetishiwa na mgonjwa wake. Utakuta pia kanuni za shirikisho la nchi hiyo zinazolinda rekodi za matibabu ya uraibu. Ni mambo mazuri ya kufikiria nayo, na mimi mwenyewe huyatumia darasani. Hata hivyo si sheria ya Tanzania, na mwanafunzi anayemwambia msimamizi wake kwamba "sheria inasema" huku akimaanisha sheria ya California hujitafutia kuchekwa bila sababu.

6. Andika njia tatu au zaidi, na moja kati yake iwe ile usiyoipenda.

Kwa kisa chetu: (a) nikae kimya na kuendelea na vikao, (b) nimwambie mama, (c) niwaambie wenzake wa kijiwe cha bodaboda, (d) nimshirikishe daktari anayepanga dozi, baada ya kumwambia kijana kwamba nitafanya hivyo, (e) nikae na kijana tupange asiendeshe asubuhi mpaka atakapopimwa, na aseme mwenyewe nani mwingine ajue. Mbele ya kila njia andika nini kinaweza kutokea ndani ya saa 24 na nini baada ya mwezi. Njia ya (b) inaonekana kuwa nzuri kwa saa 24, kwani mama atalala akiwa ameambiwa ukweli. Baada ya mwezi kijana hatakuambia tena chochote, na pengine atakuwa amewaambia wenzake kwenye foleni ya dozi kwamba chumba kile kina masikio ya nje.

Nalisema hili kwa kuwa nimelifanya. Nikiwa fildi, katika kituo ambacho sitakitaja, mama mmoja aliniuliza swali hilihili nami nikamjibu maneno matatu tu: "Anajitahidi, mama, ingawa..." Hiyo "ingawa" sikuimalizia. Jioni ileile nyumba nzima ilikuwa imeimalizia kwa niaba yangu, na kijana hakurudi kwenye vikao. Alikuwa akija kunywa dozi, akinipita koridoni kama unavyopita mlango wa duka lililofungwa. Tangu hapo najua kwamba siri huvunjwa hata kwa kiunganishi.

7. Zungumza na msimamizi, kisha na mhudumiwa mwenyewe.

Unapokwenda kwa msimamizi usiende na kilio tu. Mpe mambo manne kwa mfuatano: kilichotokea (upande wako wa kushoto), swali kwa sentensi moja, njia ulizoziona, na ile unayoielekea pamoja na sababu yake. Kwa kufanya hivyo anaona unavyofikiri, na hilo ndilo analotakiwa kulisahihisha.

Kisha rudi kwa mhudumiwa. Ni ajabu jinsi wanafunzi wanavyoweza kujadili siri ya mtu siku tatu bila yeyote kumuuliza mwenye siri. Mara nyingi fundo hufunguka hapo. Unaweza kusema: "Ndugu yangu, ulichoniambia juzi kimenipa hofu, kwa ajili yako na kwa ajili ya unaowabeba. Kama nilivyokueleza siku ya kwanza, jambo linalohusu usalama wa dozi lazima daktari alijue. Ningependa ulisemee wewe mwenyewe, nami niwepo. Na mama anauliza habari zako. Ungependa ajue nini, na nini asijue?" Katika mazoezi tuliyofanya, wengi wanaocheza nafasi ya kijana hukubali mama aambiwe kwamba anahudhuria vikao bila kukosa, basi. Hilo linatosha kumpa mama jibu lake la kesho, na limetoka kwa mwenyewe.

Mhudumiwa akikataa kabisa daktari asiambiwe, unamweleza kwa utulivu kwamba hilo halimo katika yale uliyoweza kumwahidi, na unatimiza ulichosema. Ndiyo sababu ile hatua ya siku ya kwanza ni muhimu kiasi hicho. Daktari akishajua, anaweza kumkagua kabla ya dozi na kuiahirisha akiwa amelewa. Na kama asubuhi moja kijana atafika akinuka gongo, funguo mkononi, abiria wanamsubiri nje, hatari si ya kukisia tena. Hapo kiongozi wa kituo anaweza kuamua kumshirikisha mtu mwingine hata bila ridhaa, na atakachoambiwa mtu huyo kiwe kile tu kinachotosha kuizuia pikipiki isiondoke. Uamuzi huo usiufanye peke yako ukiwa mwanafunzi.

8. Amua, tekeleza, andika.

Kwenye faili la kituo andika kilichosemwa, nani alishauriwa, nini kiliamuliwa na kwa sababu gani, pamoja na tarehe. Usiandike matusi, dhana wala umbea wa familia. Andika kana kwamba mhudumiwa atalisoma faili hilo kesho, maana anaweza kuomba kulisoma. Kwenye daftari lako binafsi andika mengine: uliogopa nini, ulitamani kusema nini, mama alikukumbusha nani.

9. Rudi baada ya wiki mbili.

Soma ukurasa ule upya na uongeze mistari mitano chini yake. Kisa kimoja kwa wiki, ukiandika kwa hatua hizi zote, ni kazi ya kutosha kwa miezi miwili ya kwanza. Ukikosa kisa cha kweli, tunga kimoja na mwenzako, mbadilishane nafasi.

Makosa mengine yanayojirudia

Kundi la WhatsApp la wanafunzi ni koridoni palipoongezwa umeme. "Leo nimepata kijana mmoja wa Kinondoni, fundi simu, mke kamkimbia" hakuna jina hapo, lakini aliyeko Kinondoni amekwisha kumjua. Picha za kadi, za foleni ya dozi, au za mhudumiwa aliyenawiri "kabla na baada" hazipigwi kwa simu yako hata kama mwenyewe ametabasamu.

Nauli. Utaombwa, na anayeomba mara nyingi ana haja ya kweli. Ukimpa mmoja, kesho watakuja watano, na yule uliyempa ataanza kukuficha mabaya yake kwa sababu anajiona ana deni la shukrani kwako. Peleka ombi kwa afisa ustawi wa jamii wa kituo. Kama kituo hakina njia yoyote ya kusaidia nauli, hilo ni jambo la kulisema kwenye kikao cha wafanyakazi, kwa kuwa mtu anayetakiwa kufika kila siku kutoka Mbagala hatendewi haki kwa kuambiwa tu kwamba hana utayari.

Mtaa. Dar ni kubwa, ila utakutana nao: kwenye mwendokasi, msibani, sokoni Tandale. Kubaliana na mhudumiwa mapema kwamba ukimwona nje hutaanza wewe kumsalimia, si kwa dharau, na akikusalimia utamjibu kama mtu yeyote. Usiulize "vipi, leo umekunywa dozi?" mbele ya shemeji yake.

Dini. Wengi wetu tuna imani, na wahudumiwa wengi pia. Akitaka kusali, usimzuie. Wewe usikifanye kikao kuwa mahubiri, wala usimweleze kwamba kurudia matumizi ni ukosefu wa imani.

Na wewe uliyewahi kutumia, ukapata nafuu, ukaamua kusomea kazi hii: uzoefu wako ni hazina, na nimewaona wenzako wakimfikia mtu ambaye sisi wengine tulishindwa kumfikia. Kabla ya kusimulia habari zako jiulize simulizi hiyo ni ya kumsaidia nani kwa wakati huo. Kama unahudhuria mikutano ya NA (Narcotics Anonymous, kundi la waraibu wanaosaidiana kuacha) na mhudumiwa wako akaanza kuhudhuria mkutano uleule, mwambie msimamizi wiki hiyohiyo na, ikiwezekana, wewe uhamie mkutano mwingine, maana nawe unahitaji mahali pa kusema bila kuwa mshauri wa mtu.

Mambo yakikwama

Msimamizi hapatikani na jibu linahitajika leo. Mpigie mtu wa pili. Naye asipopatikana, chagua njia inayoweza kurekebishwa kesho: kuahirisha kunarekebishika, kusema hakurekebishiki.

Msimamizi ndiye anayekosea, kwa mfano anasimulia habari za wahudumiwa mezani wakati wa chai. Zungumza naye kwanza faraghani na kwa adabu, ukiuliza badala ya kushtaki: "Mwalimu, nilitaka kuelewa, kanuni inaturuhusu kuyataja haya hapa?" Asipobadilika, andika tarehe na ulichokisikia, umpelekee mratibu wa fildi chuoni kwako.

Polisi wamefika wakimtafuta mhudumiwa. Usidanganye, usikimbie, usitoe faili. Sema: "Afande, mimi ni mwanafunzi, anayeweza kukusaidia ni mganga mfawidhi," na umpeleke kwake. Kiongozi wa kituo ndiye atakayeuliza kuhusu hati ya maandishi na kushauriana na wanasheria.

Umegundua mhudumiwa mpya ni binamu yako au jirani wa ukuta mmoja. Sema siku hiyohiyo na uombe apangiwe mwingine, kabla hujasoma faili lake.

Unajikuta unamfikiria mhudumiwa nyumbani, unajipamba siku ya kikao chake, unaongeza dakika. Mwambie msimamizi ukiwa bado unaona haya. Uhusiano wa kimapenzi na mhudumiwa umekatazwa katika kila kanuni ya kazi hii ninayoijua, na kanuni za chama cha washauri nasaha cha Marekani hukataza hata kwa waliomaliza huduma, kwa miaka 5 baada ya kikao cha mwisho.

Umekwisha kuvunja siri. Usifukie. Mwambie msimamizi, kisha, kwa makubaliano naye, mwambie mhudumiwa nini kilisemwa, kwa nani, na unafanya nini kuzuia madhara. Usimwombe akuondolee hatia. Mwombe radhi na umwachie nafasi ya kukasirika, ikiwa ni pamoja na kuomba mshauri mwingine.

Fildi imekwisha na daftari limejaa. Lipitie na msimamizi, nakili pembeni yale uliyojifunza ambayo hayawezi kumtambulisha mtu, kisha kurasa zilizobaki zichanwe na kuchomwa kwenye tanuri la taka la kituo, nawe ukiwa umesimama hapo mpaka ziishe.